Kikundi: NYUMBANI KRISMASI, MARANGU 🎄

JUMATATU

19:02 Shangazi Aika: Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Gari ni Noah ya yule dereva wa mwaka jana. Inatoka Arusha Jumamosi saa 12 kamili asubuhi, inapita Usa, Boma, inabeba wa Moshi pale Memorial, halafu Himo, halafu nyumbani. Saa 12 sio saa 12 na robo.

19:03 Shangazi Aika: Mafuta na dereva ni 20,000 kila mtu mzima. Mbuzi ni hesabu nyingine, tusichanganye.

19:04 Shangazi Aika: Waliotuma mpaka sasa: Baba Glory. Basi.

19:40 Baba Glory: Amina 🙏🏾

20:15 Shangazi Aika: Tiki za bluu naziona. Wanaosoma na kunyamaza nawajua kwa majina.

20:31 Nsia: Shikamoo Shangazi. Natuma kesho asubuhi. Ila nina ombi, naomba Mfongo naye aje. Nyumba nzima ninayopanga wanasafiri, hakuna wa kumwachia. Na tangu nimtoe kule mferejini hajawahi kulala peke yake.

20:32 Shangazi Aika: Marahaba mwanangu. Mfongo ndiye yule paka wa kamba?

20:32 Nsia: Ndiye. Atakaa kwenye tenga miguuni kwangu, limefunikwa kanga. Hachukui kiti cha mtu.

20:36 Kelvin Dar: Sasa analipa 20,000 au nusu? 😂

20:36 Kelvin Dar: Chini ya miaka mitano anapakatwa, hiyo ndio sheria ya Noah

20:38 Mama Mdogo Happy: 😂😂 Kelvin wewe

20:41 Baba Mdogo Godi: Paka anafungwa kamba kama mbuzi. Kijijini watatucheka mpaka Mwaka Mpya.

20:49 Nsia: Shikamoo Baba Mdogo. Sio kamba ya shingoni, hiyo sithubutu, akiruka inamkaba koo. Ni mkanda wa kifuani, unapita nyuma ya miguu ya mbele. Fundi mabegi ndiye aliyeushona. Unabana mpaka vidole viwili tu vipite, ukilegea zaidi ya hapo umempoteza, maana paka akishtuka anarudi kinyumenyume, anakunja mabega, unabaki na mkanda mtupu mkononi.

20:52 Nsia: Mwanzoni alikuwa anauvaa ndani tu wakati wa kula dagaa. Alikuwa analala chini hataki hata kunyanyua mguu. Nikamwacha hivyohivyo, simvuti. Siku hizi akiona nimeutoa msumarini anakuja mwenyewe na kuinamisha kichwa.

20:53 Nsia: [Picha]

20:53 Nsia: Hapo ni kando ya mto Rau. Yeye ndiye anayechagua njia, mimi namfuata.

20:55 Kelvin Dar: Huyo tumpandishe mlimani Kilimanjaro, Mandara kabisa, akapige picha na wazungu

20:57 Nsia: Hifadhini hawaruhusu mnyama wa kufugwa kaka, hata getini usimfikishe. Ila nataka nimpeleke maporomoko ya Kinukamori siku ya pili ya Krismasi, tupite migombani asubuhi kabla watu hawajajaa.

21:04 Baba Mdogo Godi: Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Kumburuta mnyama namna hiyo ni mateso.

21:06 Shangazi Aika: Sheria hiyo ni ya 2008, Godi, na mimi naijua. Inakataza kumtesa mnyama. Paka anayetembezwa akala dagaa hateswi. Mateso wewe unayajua.

21:07 Kelvin Dar: Jamani mbuzi wa mwaka huu ni beberu au?

21:07 Kelvin Dar: Yule wa mwaka jana alikuwa mgumu, meno yangu bado yanakumbuka

21:15 Nsia: Shangazi umeligusa nililotaka kuuliza. Darini bado mnatega sumu ya panya?

21:15 Nsia: Naomba mtu anijibu kabla ya Jumamosi.

JUMANNE

06:12 Shangazi Aika: Habari za asubuhi. Nsia nimeona hela yako, ubarikiwe. Wengine je? Dereva anataka nusu leo.

06:13 Shangazi Aika: Furaha, Kelvin, Mama Glory. Nawataja.

09:30 Mama Mdogo Happy: Nsia mwanangu, usinielewe vibaya, paka wako mzuri. Ila kwa hali yangu hii, wenzangu wa kanisani wameniambia mjamzito asikae nyumba moja na paka. Nimeogopa kidogo.

09:58 Nsia: Shikamoo Mama Mdogo. Hujakosea kuuliza. Vimelea wanavyovisema vinatoka kwenye kinyesi cha paka, sio kwenye manyoya wala kumshika. Na kinyesi kikitoka siku hiyo hakijawa na uwezo wa kuambukiza, mpaka kikae siku moja au zaidi. Kwa hiyo nitazoa mimi, asubuhi na jioni, nazika. Wewe usiguse sanduku lake la mchanga, na bustanini usishike udongo bila glavu.

10:01 Nsia: Lakini kuna jambo ambalo hawakukwambia. Nyama ambayo haijaiva inaleta vimelea hivyohivyo. Nyama yako ya mbuzi ichomwe mpaka wekundu uishe ndani, na mboga zioshwe vizuri. Ukienda kliniki uwaulize pia.

10:03 Mama Mdogo Happy: Kumbe! Asante mwanangu. Nyama ndio sikuambiwa kabisa.

10:04 Kelvin Dar: Kwa hiyo anayetakiwa kuhama nyumba ni Baba Mdogo na nyama zake za kuchungulia moto 😂😂

10:04 Kelvin Dar: Pumzika kwa amani kisusio, supu yetu ya damu

10:06 Binamu Eli: 😂😂😂😂

10:07 Mama Glory: Kisusio msikiguse tafadhali

10:22 Nsia: Baba Mdogo, sumu.

10:22 Nsia: Sio utani jamani, naomba jibu.

13:47 Baba Mdogo Godi: Ipo. Darini na nyuma ya stoo. Panya wanamaliza mahindi. Nyie mnakuja Desemba mnakula, mnaondoka na kiroba cha unga kila mmoja. Anayevuna, anayebeba na anayepandisha juu ni mimi.

13:59 Nsia: Hilo ni kweli Baba Mdogo, wala sikulaumu kwa panya. Ila zile punje za waridi haziui palepale. Zinazuia damu kuganda. Panya anakaa siku kadhaa amezubaa, anatembea ukutani mchana kweupe, na huyo ndiye paka anayemkamata bila hata kukimbia. Anamla pamoja na sumu iliyomo. Na kwa paka naye huoni kitu siku hiyo. Siku zikipita fizi zinakuwa nyeupe, damu inatoka puani. Dawa ipo kwa daktari wa mifugo, wanachoma vitamini K, lakini sikukuu ya Krismasi tutamtoa wapi?

14:02 Nsia: Pipa la chuma lenye mfuniko wa kubana, panya hatoboi. Mawili matatu yangetosha mahindi yale.

14:05 Baba Mdogo Godi: Mapipa nani ananunua? Andikeni hapa majina.

14:50 Baba Mdogo Godi: Nimengoja. Kimya.

15:10 Shangazi Aika: Mapipa tutayajadili, Godi, na mimi nitatoa la kwanza. Lakini Nsia ameeleza vile Nyota, paka wa Mama, alivyokufa, dalili kwa dalili, na yeye hakuwepo.

15:12 Baba Mdogo Godi: Nyota alikufa kwa uzee.

15:14 Shangazi Aika: Mzee hatoki damu puani. Mama alimpangusa kwa kanga yake usiku kucha, na yeye mwenyewe alikuwa hawezi kukaa bila kuegemezwa. Mimi ndiye niliyefua ile kanga. Kile kikombe cha bati ulikificha wapi?

15:16 Baba Mdogo Godi: 🚫 Ujumbe huu ulifutwa

15:17 Baba Mdogo Godi: 🚫 Ujumbe huu ulifutwa

15:20 Kelvin Dar: Jamani vipi kuhusu soda? Kreti ngapi?

15:21 Shangazi Aika: Kelvin, sio sasa.

15:44 Mama Mdogo Happy: Naomba tusiandikiane haya humu. Watoto wamo.

16:30 Baba Glory: Amina

JUMATANO

07:05 Shangazi Aika: Dereva amepata nusu yake, nimeongezea za kwangu. Nawadai, na nitakuja na daftari.

07:40 Mama Glory: Nsia swali, huyo paka amechanjwa? Glory anapenda kushikashika.

07:52 Nsia: [Picha]

07:52 Nsia: Kadi yake hiyo. Kichaa cha mbwa alichanjwa alipofikisha miezi mitatu, na inarudiwa kila mwaka. Sasa na mimi niulize, Simba wa Babu amechanjwa? Maana binadamu karibu wote wanaopata kichaa wanapata kwa mbwa, na Simba watoto wanamlalia.

08:10 Kunda (kwa Babu): Simba hajachanjwa dada. Mimi tangu nije hapa sijaona.

08:14 Shangazi Aika: Nani yuko karibu na ofisi ya mifugo? Godi? Kunda?

08:31 Nsia: Wakati tunangoja, mtoto yeyote aking'atwa au akikwaruzwa: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo. Msipake majivu wala mafuta ya taa. Dalili zikishaanza hakuna dawa.

08:33 Kelvin Dar: Simba mwenyewe hana meno 😂 alipewa mfupa akaulamba akaurudisha

08:33 Binamu Eli: 😂😂 Simba mstaafu

08:40 Mama Glory: Simba alimkimbia jogoo mwaka jana nilikuwepo

08:41 Shangazi Aika: Nimeuliza nani anakwenda ofisi ya mifugo.

12:18 Kunda (kwa Babu): Shikamooni wote. Nimekaa na Babu barazani, nimemsomea yote kuanzia juu. Anasema niandike kama anavyosema, nisipunguze wala nisiongeze.

12:26 Kunda (kwa Babu): "Nawasalimu wanangu na wajukuu. Paka wa mama yenu nilimzika mimi chini ya msesewe. Kikombe cha bati nilikiona. Sikumuuliza mtu, kwa sababu mama yenu alikuwa anakwenda, na sikutaka aende akiwa na hasira na mwanawe wa mwisho. Yeye alijua. Aliniambia nisiseme, nami sikusema mpaka leo.

Godi, mahindi unavuna wewe, na nakushukuru mbele ya wote. Lakini sumu uliyoipandisha, uishushe mwenyewe kwa mkono wako, kabla gari halijafika. Mjukuu wangu Nsia aje na paka wake. Alale naye chumba cha bibi yake. Habari ya mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, tutaongea nikiwaona wote."

12:27 Kunda (kwa Babu): Amemaliza. Ameingia ndani.

12:55 Shangazi Aika: Tumesikia Baba.

13:20 Nsia: Shikamoo Babu. Asante sana.

13:22 Mama Mdogo Happy: 🙏🏾

16:48 Kelvin Dar: Shikamoo Babu. Tumekusikia.

18:35 Baba Mdogo Godi: Nimesikia Baba. Nitaishusha. Ila Ijumaa nina mzigo unatoka Holili, sitawahi kupanda Marangu. Jumapili baada ya ibada nitakuwa hapo, nafanya kazi hiyo kabla sijaketi.

18:44 Nsia: Baba Mdogo, sisi tunafika Jumamosi.

18:46 Kunda (kwa Babu): Mimi naweza kuzitoa kesho.

18:49 Nsia: Kunda, ukizitoa vaa mifuko ya nailoni mikononi, hesabu vikopo vyote, na panya waliokufa uzike chini kabisa. Usitupe hata punje moja mferejini, wenzetu wa chini wanachota.

18:52 Shangazi Aika: Kunda, wewe usiguse. Mmesikia neno la Baba, amesema Godi kwa mkono wake. Mimi sitaki kuingia uani kwa Baba Jumamosi tayari tumeshapindisha.

18:58 Mama Mdogo Happy: Wifi, mzigo wa Ijumaa ni kweli, sio visingizio. Ndio hela ya mbuzi hiyo.

19:01 Shangazi Aika: Sijasema ni visingizio. Kutoka Himo mpaka nyumbani sio safari, wifi. Apande Alhamisi usiku.

19:20 Nsia: Mimi nitafanya hivi. Kama sumu bado ipo, Mfongo hatoki chumbani kwa Bibi bila mkanda, na usiku analala ndani ya tenga. Nje natoka naye mwenyewe, kamba fupi. Chakula chake nakuja nacho. Ila chumba chenyewe kiko chini ya dari hiyohiyo, na panya anayezubaa anadondoka. Kwa hiyo naomba iwe Alhamisi, Baba Mdogo. Nakuomba.

19:21 Nsia: Na asimpe mtu maziwa ya ng'ombe, yanamharisha. Msimpe Panadol hata akionekana mnyonge, inamuua.

19:25 Kelvin Dar: Supu je?

19:26 Nsia: Bila kitunguu, kaka.

20:02 Shangazi Aika: Godi. Alhamisi au Jumapili? Andika siku.

20:03 Shangazi Aika: Na ofisi ya mifugo hakuna aliyejibu. Na mapipa nimeandika jina langu peke yangu.

21:37 Baba Mdogo Godi: Nitaangalia nikimaliza dukani. Andika na mimi pipa moja.

22:15 Binamu Furaha: Jamani shikamooni, simu ilikuwa mbovu. Nafasi bado ipo kwenye Noah? Tuko watatu na godoro.

22:16 Shangazi Aika: Furaha, 20,000 mara tatu kwanza. Godoro kesho tuongee na dereva.