Naomba ushauri: mlinganyo wa kipeo cha pili unaokataa kufunguka

MtotoWaUyole
Wakuu habari za jioni. Mchana nauza duka la pembejeo hapa Uyole, usiku nasoma. Narisiti hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mada nyingine zinaenda, ila hii ya kutafuta mizizi inanimaliza. Zile kama x² − 5x + 6 = 0 naona mara moja ni 2 na 3. Shida ni hii ya tuisheni: 2x² − 3x − 4 = 0. Nimejaribu jozi zote za namba, wapi! Mwenzangu anasema haina jibu, mwalimu anasema inalo, na kipindi kikaisha hapo hapo. Nani yuko sahihi? Na mtu unajuaje mapema utumie njia ipi?

BaridiYaMakambako
Meza kanuni mkuu, mengine achana nayo:
x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a
Hakuna inayoishinda.

Mnyalukolo
Kamwene. Kumeza ni kuzuri mpaka swali liseme "kwa kukamilisha mraba", hapo utaitazama karatasi tu.

Dogo, kabla hujashika njia yoyote, kokotoa b² − 4ac pembeni. Hapo a = 2, b = −3, c = −4. b² ni 9. 4ac ni 4 × 2 × (−4), yaani −32. Kwa hiyo 9 − (−32) = 41. Nahisi mwenzako kaidondosha alama ya hasi kwenye 4, akapata 9 − 32 = −23, ndiyo maana anakwambia haina jibu. Mwalimu yuko sahihi.

Sasa 41 si mraba kamili: 6 × 6 ni 36, 7 × 7 ni 49. Basi hakuna jozi itakayoifungua, hata ukeshe. Nenda kwenye kanuni: (3 ± √41)/4, karibu 2.35 na −0.85. Kuhakiki ni rahisi: jumla ya mizizi lazima iwe −b/a, hapa 1.5. Jumlisha hizo mbili uone.

Ukipata mraba kamili, vigawo vipo. Mfano 2x² + 7x + 3 = 0: 49 − 24 = 25. Zidisha 2 kwa 3 upate 6, kisha tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha zinatoa 6 na ukizijumlisha zinatoa 7. Ni 6 na 1. Pasua ile ya katikati: 2x² + 6x + x + 3 = 2x(x + 3) + 1(x + 3) = (2x + 1)(x + 3). Mizizi −½ na −3.

MzeeWaViazi
Mimi nipo Isyonje nasoma tu. Hizo x zinaongeza gunia shambani?

MamaParachichi_Tukuyu
Shikamoo mzee. Gunia haziongezi, ila mtu akikwambia kitalu kina mita za mraba 96 na urefu umezidi upana kwa mita 4, utakipimaje? Upana uite w. Inakuwa w² + 4w = 96.

Dogo, chora mraba wenye upande w. Ule ukanda wa mita 4 uliozidi ukate katikati kwa urefu wake, upate viwili vya mita 2. Kimoja bandika kulia, kingine chini. Kona moja itabaki wazi, 2 kwa 2. Ijaze kwa kuongeza 4 pande zote za mlinganyo: (w + 2)² = 100. Huko ndiko kukamilisha mraba, wala si mazingaombwe. Al-Khwarizmi wa Baghdad alichora hivi hivi karne ya 9 kwa x² + 10x = 39, akapata 3. Mzizi wa pili, −13, hakuuhesabu.

Wewe usimwige hapo. Andika w + 2 = ±10, upate 8 na −12, kisha useme −12 inatupwa kwa sababu upana hauwi hasi. Swali likiwa la mlinganyo mtupu, yaache majibu yote mawili.

MzeeWaViazi
Marahaba. 8 kwa 12, nimekuelewa. Endeleeni.

MtotoWaUyole
Asanteni sana wakuu. Nimejipa mawili. x² − 6x + 9 = 0 imetoa 36 − 36 = 0, jibu 3 peke yake. 3x² + 2x + 5 = 0 imetoa 4 − 60 = −56. Hiyo ndiyo haina mizizi, siyo?

Mnyalukolo
Ya kwanza safi, mizizi miwili inayolingana. Ya pili andika "haina mizizi halisi", hilo neno la mwisho usiliruke. Ukienda kidato cha tano na sita kwenye hesabu za juu utakuta −56 nayo ina kipeuo chake.