Naombeni ushauri: tunapinga hoja kwamba Marekani ndiyo iliyoangusha ukomunisti Ulaya Mashariki

Mwl_Historia
Habari zenu wakuu. Nafundisha Historia kidato cha tano na sita, na ni mlezi wa klabu ya mdahalo shuleni. Mada tuliyopangiwa ni "Marekani ndiyo iliyouangusha ukomunisti Ulaya Mashariki", na sisi tuko upande wa kupinga. Wasemaji wangu wanajua kuongea, ila hoja zao hazina nyama. Wanataja Vita Baridi, NATO, Ukuta wa Berlin, basi. Kwa maelezo yao, watu wa kule walikaa kimya miaka arobaini wakingoja kukombolewa na wakubwa. Mmoja kaniuliza swali la msingi kabisa: "Madam, kama serikali ilikuwa ya wafanyakazi, nani angeipinga kama si mabepari?"

Nimefikiria maasi ya Hungaria 1956 na mageuzi ya Chekoslovakia 1968, yote yaliyozimwa na vifaru vya Kisovyeti. Nichukue zote, au tuzame kwenye nchi moja? Na wenzetu wakileta hoja ya fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, tuwajibu vipi?

Mzee_wa_Kumbukumbu
Mwalimu, hongera kwa kazi. Chukua Poland, uizamie hiyo hiyo. Mdahalo una dakika chache. Mkizunguka nchi tatu mtaishia kutaja tarehe. Poland inamjibu mwanafunzi wako moja kwa moja, kwa sababu walioitikisa serikali ya wafanyakazi kule walikuwa wafanyakazi wenyewe, tena si mara moja.

Juni 1956 wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha mji wa Poznań, ambacho wakati huo kilibeba jina la Stalin, waliingia mtaani kudai mkate na malipo yao. Wakapelekewa vifaru, watu zaidi ya 50 wakauawa. Desemba 1970 serikali ikapandisha bei ya vyakula Krismasi ikiwa mlangoni, miji ya bandari ikagoma. Hapa waambie wapunguze mwendo, wasimulie. Jioni ya tarehe 16 naibu waziri mkuu alitokea kwenye televisheni akiwasihi wafanyakazi warudi kazini. Alfajiri ya tarehe 17 wale wa Gdynia, mmojawapo wa miji hiyo, wakatii. Wakashuka kwenye treni kuelekea kiwanda cha meli, wakakuta jeshi limeziba njia, wakapigwa risasi. Waliokufa pwani mwezi ule walizidi 40. Aliyeyaona hayo hakuhitaji Mmarekani wa kumfundisha kuipinga serikali yake.

1976 bei zikapanda tena, wafanyakazi wa mji wa Radom na wa kiwanda cha matrekta cha Ursus wakagoma. Serikali ikarudisha bei chini haraka, kisha ikawageukia waliogoma: vipigo, kesi, kufukuzwa kazi. Ndipo wasomi wapinzani, akina Jacek Kuroń, wakaunda Kamati ya Kutetea Wafanyakazi, KOR, wakawatafutia wanasheria na kuzichangia familia zao. Msiiruke sehemu hii. 1968 wanafunzi na wasomi waliandamana peke yao wakazimwa. 1970 wafanyakazi nao peke yao, wakazimwa. Baada ya 1976 walikuwa pamoja, na 1980 inatoka hapo.

BintiMwambao
Shikamoo Mzee, umenianzia vizuri. Mwalimu, Agosti 1980 mpe msichana aisimulie, maana wanawake ndio waliouokoa mgomo ule.

Mgomo wa kiwanda cha meli cha Lenin, Gdańsk, ulianza tarehe 14 kwa ajili ya Anna Walentynowicz, mwendesha kreni aliyefukuzwa amebakiza miezi mitano astaafu. Lech Wałęsa, fundi umeme aliyekuwa ameshafukuzwa, aliruka ukuta akaingia. Tarehe 16 uongozi ukakubali kuongeza mshahara, Wałęsa akatangaza mgomo umekwisha, watu wakaanza kutoka. Lakini kulikuwa na sehemu nyingine ndogo zilizogoma kuwaunga mkono, na hizo hazikupewa chochote. Henryka Krzywonos, dereva wa tramu, akawaambia wazi kwamba wakiondoka, hao wadogo wataangamizwa. Anna na muuguzi Alina Pienkowska wakakimbilia mageti kuwazuia watu. Wengi walishaondoka, ila waliobaki walitosha.

Toka hapo madai hayakuwa ya kiwanda kimoja tena. Yakawa 21, yakaandikwa kwa mkono juu ya mbao mbili za plaiwudi na kutundikwa getini. La kwanza: vyama vya wafanyakazi visivyo chini ya chama tawala wala mwajiri. Tarehe 31 serikali ikasaini. Ndipo kikazaliwa Solidarność, Mshikamano, kikafikia wanachama karibu milioni 10 katika nchi ya watu milioni 35 hivi.

Mchambuzi_Huru
Nakubaliana na wenzangu kuhusu Poland, ila ndugu Mwalimu, naomba wanafunzi wasije wakasema wapinzani wote walitaka ubepari. Yasome yale madai 21: yapo ya nyama, mishahara, likizo ya uzazi, Jumamosi za mapumziko. Hayakutaka viwanda vipewe matajiri. Imre Nagy, waziri mkuu wa Hungaria aliyenyongwa 1958, alikuwa mkomunisti maisha yake yote. Mabaharia wa Kronstadt, ngome ya majini ya Urusi, walioasi Machi 1921 walikuwa wamepigania mapinduzi ya 1917 wenyewe, na walichodai ni kura huru za mabaraza. Wengi waliichukua ahadi ya chama kwa uzito kuliko viongozi wa chama walivyoichukua. Mkisema hivyo, swali la mabepari halina pa kusimama.

Mwl_Historia
Asanteni sana, hii ya ahadi ya chama nimeinakili kama ilivyo. Bado CIA.

Mzee_wa_Kumbukumbu
Marahaba BintiMwambao. Mwalimu, kwenye CIA msikatae, mtaumbuka. Fedha zilikuwepo. Vyama vya wafanyakazi vya Marekani, AFL-CIO, vilichangia waziwazi, na CIA ikaingia kwa siri baada ya Jenerali Jaruzelski, kiongozi wa Poland, kutangaza utawala wa kijeshi tarehe 13 Desemba 1981. Angalieni tarehe: Rais Reagan wa Marekani aliapishwa Januari 1981, mgomo ni wa Agosti 1980. Msaada ulikikuta chama kimeshajengwa na watu wake. Ulisaidia mitambo ya kuchapia, lakini aliyebeba karatasi usiku na kufungwa alikuwa Mpoland.

Wakimtaja Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovyeti, kubalini haraka. Kweli hakutuma vifaru 1989. Hiyo nayo ni pointi yenu, maana hakuwa Mmarekani.

Arusha_Yetu
Mwalimu, kama mko kanda ya kaskazini, wapeleke Tengeru, karibu na Ziwa Duluti. Kuna makaburi ya Wapoland pale. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliwekwa kambi ya wakimbizi takriban 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Stalin alikuwa amewahamisha kwa nguvu kutoka mashariki mwa Poland 1940 na 1941 kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa walipitia Iran, wengine wakafika kwetu. Vita ilipokwisha wengi wao hawakukubali kurudi nchi iliyokuwa sasa chini ya wakomunisti. Upinzani huo ulikuwepo Tengeru miaka zaidi ya thelathini kabla ya Mshikamano.

BintiMwambao
Nyongeza kwa msemaji wa mwisho, ile miaka ya giza ya utawala wa kijeshi. Februari 1982, mji wa Świdnik, watu walichoka na uongo wa taarifa ya habari ya serikali. Ikifika saa moja na nusu jioni wakawa wanatoka nyumbani wote kwenda kutembea, wengine wakigeuza televisheni ielekee dirishani. Serikali ikafanya kafyu ianze mapema zaidi. Wakahamia taarifa ya habari ya saa kumi na moja.

Kisha apeleke wasikilizaji kwenye uchaguzi wa Juni 1989, ulioanza tarehe 4: baada ya duru mbili, katika viti 161 vya bunge ambavyo Mshikamano uliruhusiwa kugombea, ulivichukua vyote, na katika seneti ukapata 99 kati ya 100. Kura hizo zilipigwa na Wapoland, vituoni kwao.

Mwl_Historia
Tengeru tunaenda kabla ya mdahalo, nimeshaongea na mkuu wa shule. Arusha_Yetu, pale makaburini anahitajika mtu wa kutufungulia, au tunaingia tu?