Canter ya 4D33 inagoma kuwaka asubuhi na inaishiwa nguvu Kitonga: je, tatizo ni pampu kweli?

Mbao za Mafinga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kabla sijatoa fedha mara ya pili kwa ugonjwa uleule. Nina Mitsubishi Fuso Canter yenye injini ya 4D33, ile ya lita 4.2 ambayo pampu yake haina kompyuta ya aina yoyote, na kazi yake ni kupeleka mbao Dar es Salaam kutoka Mafinga kisha kurudi na bidhaa za madukani. Gari limezeeka, sifichi hilo. Lilikuja nchini likiwa limekwisha kutumika, na mikononi mwangu lina miaka 11.

Tatizo lina sura mbili. Likilala usiku mmoja, asubuhi stata huzunguka hadi betri inachoka bila injini kushika na bila hata moshi kidogo kuonekana kwenye eksozi. Lakini utingo akisukuma pampu ya mkono mara thelathini au arobaini hadi iwe ngumu, gari huwaka mara moja, na siku nzima halisumbui tena kuwaka. Sura ya pili ni ya mlimani. Ninapopanda Kitonga na mzigo, resi hushuka polepole huku nimekanyaga hadi mwisho, moshi mweusi sioni, na mwishowe injini huzima. Nikisubiri kama dakika kumi na kusukuma tena kwa mkono, linapanda kipande kingine kisha linarudia yaleyale.

Fundi wa kwanza aliniambia kwamba pampu imekwisha. Ilifunguliwa, plunja (vijiti vya ndani vinavyosukuma mafuta) zikabadilishwa, nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini zikapimwa, na bili yake ilikula faida ya safari tatu. Wiki moja baadaye tatizo lilirudi kama lilivyokuwa. Fundi wa pili ananishauri ninunue pampu nzima ya mtumba. Filta nimebadilisha mara mbili, na hakuna mahali dizeli inapodondoka, kwa maana chini ya gari pamekauka kabisa. Je, ninunue hiyo pampu?

Fundi wa Dizeli alijibu:

Ndugu, usinunue pampu kwanza. Umetaja mwenyewe mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, yanaiondolea pampu lawama: kwamba wakati wa kupiga stata asubuhi eksozi haitoi moshi wowote, na kwamba mlimani nguvu hupotea bila moshi mweusi. Injini inayopata dizeli lakini ikashindwa kuiunguza vizuri hutoa moshi, mweupe ikiwa baridi na mweusi ikiwa imezidiwa na mzigo. Injini isiyotoa moshi wowote haijaletewa mafuta. Pampu kubwa, ile inayopeleka dizeli kwenye nozeli, inasukuma kile inacholetewa, na yako inaletewa upepo.

Hilo la chini ya gari kukauka ndilo linalowapoteza mafundi wengi. Kutoka kwenye tangi hadi kwenye pampu ndogo ya kuvutia, ile yenye kitufe cha kusukuma kwa mkono iliyofungwa ubavuni mwa pampu kubwa, mafuta hayasukumwi bali yanavutwa. Tundu likitokea upande huo, injini ikiwa inafanya kazi dizeli haitoki nje. Upepo ndio unaoingia ndani. Usiku gari likiwa limezimwa, upepo huohuo unaachia mafuta yaliyomo kwenye bomba yarudi tangini taratibu, na asubuhi unaanza na bomba tupu. Kuanzia pampu ndogo kwenda kwenye filta na pampu kubwa ndipo penye msukumo, na huko ndiko ungeona matone.

Pima hivi kabla ya kufungua chochote. Kata kipande cha mpira mwangavu usioharibiwa na dizeli, ukifunge mahali mafuta yanapoingilia pampu ndogo, kisha washa gari na utazame. Vipovu vichache mara baada ya kufunga ni vya kawaida, lakini vikiendelea baada ya dakika tano, upepo unaingia upande wa tangi. Baada ya hapo fanya kipimo cha dumu: chukua dumu safi la lita 20 lenye dizeli, ulifunge imara nje ya kabini, mbali na eksozi, kisha uingize humo mpira wa kuvutia pamoja na mpira wa kurudisha mafuta. Ukisahau huo wa kurudisha, dumu litahamia tangini na utabaki barabarani. Lisiwekwe juu sana pia, maana mafuta yatateremka yenyewe na kuuficha udhaifu wa pampu ndogo. Liwe usawa wa tangi. Endesha na mzigo kwenye mlima wowote ulio karibu, kisha uliache gari lilale na dumu usiku mmoja. Likiwaka vizuri asubuhi na kupanda vizuri, kosa liko kati ya tangi na pampu ndogo. Likigoma vilevile, tutazungumzia vali za pampu ndogo, ambazo zikichakaa nazo huachia mafuta yarudi.

Nina swali moja ambalo jibu lake litatusaidia sana: je, tatizo hubadilika kulingana na kiasi cha mafuta kilichomo tangini?

Mbao za Mafinga alijibu:

Ahsante sana, fundi. Sikuwahi kulitilia maanani, lakini sasa unavyouliza nakumbuka kwamba safari ambazo nimejaza tangi, mlimani huwa sihangaiki sana, na asubuhi za tangi kujaa mara nyingine gari huwaka bila kusukuma. Likishuka chini ya nusu ndipo balaa linapoanza. Nilidhani ni bahati tu.

Mwenye Malori Mawili alijibu:

Kabla hujaenda mbali, fungua mfuniko wa tangi wakati gari limezima hapo Kitonga na usikilize. Ukisikia upepo ukiingia kwa nguvu, tundu la kupumulia la tangi limeziba kwa vumbi, na tangi linajinyonga lenyewe: mafuta yanatoka lakini hewa ya kujaza nafasi yake haiingii. Lori langu moja lilinitesa hivyo msimu mzima, nalo pia lilikuwa likipona kila baada ya kupumzika, nikawa nalaumu joto.

Jambo la pili ni ubora wa mafuta yenyewe. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochanganywa) katika mafuta mwaka 2010, uchanganyaji wa mafuta ya taa si jambo la wazi kama zamani, lakini bado kuna wanaonunua dizeli ya madumu njiani kwa sababu ni ya bei rahisi. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na dumu la njiani huja na maji na mchanga. Mwulize dereva wako kwa upole kama amewahi kujaza huko.

Fundi wa Dizeli alijibu:

Ushauri wa mfuniko ni mzuri na hauna gharama, aufanye. Ila tundu la kupumulia likiziba, gari halina sababu ya kugoma asubuhi, kwa kuwa usiku kucha hewa inapata muda wa kupenya. Hapa ninashuku vitu viwili kwa pamoja. Bomba la kuvutia linaloingia ndani ya tangi huenda limetoboka kwa kutu mahali fulani katikati: tangi likijaa tundu linafunikwa na dizeli na halina madhara, na mafuta yakishuka tundu linabaki hewani, kisha linavuta upepo. Kule chini, kwenye mdomo wa bomba hilo, kunaweza kuwa na takataka zinazovutwa na kuziba injini inapohitaji mafuta mengi, kisha huanguka gari likizima, na ndiyo sababu dakika kumi zinatosha kulifufua. Ukifika hapo, fungua pia boliti yenye tundu inayoingiza mafuta kwenye pampu ndogo. Katika pampu nyingi za aina hii humo ndani kuna chujio dogo la waya ambalo mafundi hulisahau miaka na miaka.

Mbao za Mafinga alijibu, siku tisa baadaye:

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Kwenye mpira mwangavu vipovu vilipita mfululizo kama soda. Kwa dumu gari lililala usiku mbili na asubuhi zote liliwaka lenyewe, nalo lilipanda mlima na tani tatu bila kushusha resi. Mfuniko ulipofunguliwa haukutoa sauti yoyote.

Tulishusha tangi. Bomba la kuvutia lilikuwa limeliwa na kutu, na chini kidogo ya nusu ya urefu wake lilikuwa na tundu la kuingia ncha ya sindano. Chini ya tangi tulikuta tope la kutu na vipande vya gundi ambayo mtu aliwahi kuzibia tangi kwa ndani kabla sijalinunua gari. Chujio dogo la waya lilikuwa limefunikwa na gundi hiyohiyo. Dereva wangu amekana habari ya madumu, nami nimemwamini nusu. Sasa fundi wa kuchomelea anataka kuziba tundu la bomba likiwa mlemle kwenye tangi, nami ninasita.

Fundi wa Dizeli alijibu:

Kataa kabisa. Tangi la dizeli lililomwagwa si tangi tupu, kwa kuwa mvuke unabaki ndani na moto wa kuchomelea unaweza kulipasua mbele ya uso wa fundi. Bomba litolewe, liwekwe jipya la kipenyo kilekile, na mdomo wake uachwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili usinyonye tope. Tangi lioshwe mara kadhaa hadi gundi yote iliyolegea itoke. Kama bado inabanduka, tafuta tangi jingine, maana itarudi kuziba. Mipira ya kuvutia ibadilishwe yote kwa ile ya dizeli, isiwe ya maji, na washa za kopa (pete za shaba) kwenye kila boliti uliyofungua ziwe mpya. Ya zamani ikikazwa tena huvuta upepo, utaanza kunitafuta upya.

Ukishafunga, toa upepo kwanza kwenye filta, kisha kwenye pampu kubwa, na umalize kwa kulegeza nati za mabomba ya nozeli huku stata ikizunguka. Kidole kisisogezwe mbele ya mabomba hayo, kwa sababu mafuta yake hutoka kwa msukumo unaotosha kupenya ngozi. Badili filta sasa na tena baada ya safari mbili, kwa ajili ya uchafu uliotikiswa.

Mbao za Mafinga alijibu:

Tangi jingine nimelipata Makambako, safi ndani. Tunafunga kesho.