Mzazi mwenzangu hataki niwaone watoto hadi nimalize deni la matumizi. Nianzie wapi?

Baba Wawili: Wakuu, heshima kwenu. Tumetengana na mwenzangu, talaka bado. Yuko kwao Tabora na watoto, wa kiume miaka 9, wa kike 4. Biashara iliyumba, nikakwama kutuma matumizi. Sasa simu zangu hapokei. Nilipoenda, shemeji alipokea mfuko wa viatu vya shule getini, akafunga geti. "Lipa kwanza." Kaka yangu ananiambia nimvizie dogo shuleni nije naye Mwanza, kwa kuwa ameshapita miaka 7 ni wa baba. Nisaidieni.

Kobe Mzee: Oa mwingine, maisha yaendelee.

Mama Salha: Kobe, mwenzako analia na wanawe we unaleta utani. Baba Wawili, usithubutu kumvizia mtoto! Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumchukua mtoto kutoka kwa anayemlea kihalali. Utampa mwenzako kesi mkononi.

Mzee wa Masijala: Hiyo ya miaka 7 watu wanaipotosha kila siku. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, na hata hapo baba anaweza kuleta ushahidi wa kupinga. Haisemi akifikisha 7 anahamia kwa baba. Hakimu anatazama ustawi wa mtoto kwanza, na wa miaka 9 anaweza kuulizwa anataka nini. Tena sheria haipendi ndugu watenganishwe, kwa hiyo kudai mmoja ni kujichongea.

Omba haki ya kuwaona, siyo kukaa nao. Anza ustawi wa jamii hukohuko Tabora, wamwite mje mkae meza moja. Ikishindikana, Mahakama ya Watoto. Hakimu anaweza kumwagiza afisa ustawi aandike ripoti ya hali ya nyumba zote mbili.

Baba Wawili: Na deni je? Si atanikaba nalo hapo?

Mzee wa Masijala: Atakukaba, na ana haki. Lakini deni halifuti haki ya watoto kumwona baba yao. Tuma chochote kuanzia wiki hii, hata elfu ishirini, kwa simu na siyo mkononi, meseji za muamala usifute.

Mama Salha: Na shemeji usijibizane naye.