Tupeane uzoefu: michezo ya kuchekesha isiyo na kichwa wala miguu, mbona wengine hawacheki?

MwanaKatuba: Jana umeme ulirudi, tukaweka ile ya Monty Python, wale wachekeshaji wa Uingereza: mtu anarudisha kasuku aliyekufa dukani, muuzaji anakaza kuwa amepumzika tu. Mimi mbavu sina. Papa mkubwa akauliza, "Ndege amekufa, wanabishana nini?" Akaenda kulala. Na ni yeye huyohuyo anayelia machozi ya kicheko kwa Mufwankolo, mchekeshaji wetu wa Lubumbashi! Lupango moja, ua uleule, televisheni moja. Kwenu ikoje?

Fundi_Simu: Papa hajauziwa simu iliyokufa. Mimi niliuziwa, kioo cheusi tii. Narudi, jamaa ananikazia macho: "Haijafa, mukubwa, betri imelala." Akaigonga kwenye kona ya meza, akainua, giza lilelile, akasema, "Umeona?" Nimeona nini? Nilipomwona John Cleese, yule mteja wa Monty Python, anamgonga yule kasuku kwenye kaunta, nilijua haya mambo ni ya sokoni kwetu.

Ka_Jo: Kabisa!!

MamaBelAir: Mimi hao Monty Python hawanipati. Mchezo unanoga, mara anaingia afisa wa jeshi anausimamisha, eti ni upuuzi. Mwisho uko wapi? Ni bukari bila mboga. Mufwankolo anakupa mume, mke, deni, uongo, na aliyedanganya anakamatwa. Tena kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi.

Prof_Kamalondo: Mama, kukosa mwisho ndiyo dawa yenyewe. Walipoanza BBC mwaka 1969 walikuwa wamechoshwa na kila mchezo kulazimishwa umalizie na utani mkali, basi wakawa wanakata popote. Ila Mufwankolo usimfanye mwepesi: mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia, alifuatilia kundi lake likitunga mchezo kutoka ule msemo wa madaraka kuliwa mazima.

MamaBelAir: Nani amesema mwepesi? Soma vizuri, Prof.

Kijana_wa_Kenya: Ngojeni niwaambie ya kwangu. Kilio cha babu wa mke wangu, usiku wa manane, mvua imenyesha, lupango ni matope matupu. Anakuja mzee mwenye daftari la michango, suti nyeusi, daftari kwapani. Apite wapi? Miguu ya watu, masufuria, madimbwi. Akainua goti mpaka kifuani, akasimama hivyo, akarusha mguu pembeni, akazunguka nusu, akainua mwingine. Uso mkavu kama hakimu! Na wiki hiyohiyo nilikuwa nimeangalia ile ya Monty Python ya 1970, Wizara ya Mwendo wa Kipuuzi. Niliuma mkono wa koti, haikusaidia. Kicheko kikatokea puani, halafu nikasikia sauti yangu: "Wizara!" Waimbaji wakanyamaza. Shemeji mkubwa: "Unamcheka marehemu?" Sasa utamwelezaje shemeji saa nane za usiku kwamba Uingereza kuna mchezo wa ofisi inayogawa pesa ili watu watembee ovyo? Nilijaribu. Kila nilipoeleza, niliharibu zaidi. Wakataka mbuzi. Na sijuti, yule mzee alitembea hivyo kweli.

Ka_Jo: 😂😂 WIZARA

Dada_Ruashi: Mbuzi tu? Kwetu ungeongeza na kreti ya bia ya Simba.

Fundi_Simu: Ungejifunika uso. Mtu anayecheka na anayelia, mabega yanatikisika sawasawa.

Dada_Ruashi: Usimfundishe ujinga. Msiba ni msiba.

MamaBelAir: Nimecheka, nakubali, lakini nimemcheka huyu kijana, siyo wizara yake. Watoto wangu wanaangalia Mr Bean, karibu hasemi kitu, na bibi yao anacheka nao, maana aibu ya mwili kila mtu anaijua. Hiyo ya wizara inataka ujue ofisi kwanza: faili, bajeti, uso wa kazi.

MwanaKatuba: Basi mtu aliyepanga foleni ofisini ndiye angecheka zaidi.

MamaBelAir: Mume wangu amezeekea maofisini, hacheki hata kidogo. Anasema, "Haya nayaona mchana bure, usiku niyatafute ya nini?"

Prof_Kamalondo: Msiwaeleze watu. Ukieleza, umeua.

Ka_Jo: Mimi nilielezwa ndipo nikacheka, Prof.

Dada_Ruashi: Angalia na watu wanaocheka, utacheka tu. Au kunywa kwanza.

Fundi_Simu: Kijana, mbuzi ulilipa?

Kijana_wa_Kenya: Nililipa nusu. Mzee wa daftari ndiye aliyeandika risiti.

Ka_Jo: Mwenye ile ya kasuku anitumie, lakini kipande kifupi, mega zangu zinaisha.