Amplifaya ya marehemu baba: niifufue, niibadilishe, au nianze na spika?

Mkaazi_wa_Mkomani

Assalam aleykum ndugu zangu. Nimerithi seti ya stereo ya marehemu baba, ambayo kwa zaidi ya miaka kumi imekaa kimya ndani ya kidaka kikubwa cha nyumba yetu hapa Mkomani, Lamu. Ni amplifaya ya Kijapani ya mwishoni mwa miaka ya 1970, yenye uso wa alumini na wati 40 kila upande, pamoja na spika mbili zenye wufa (spika za sauti nzito, yaani besi) za inchi 10 na kicheza santuri kinachozungushwa kwa mkanda wa mpira. Nilipoiwasha juzi, upande wa kulia ulitoa sauti kwa dakika chache kisha ukafifia, na kidhibiti cha sauti kikawa kinakwaruza kila nilipokizungusha. Nilipoondoa kitambaa cha spika nilikuta sponji inayoizunguka karatasi ya wufa imelainika kama halua iliyoachwa juani. Niliigusa kwa ncha ya kidole, ikabaki kidoleni.

Nimeshauriwa mambo matatu: niipeleke Mombasa ikabadilishwe kapasita zote (vijipipa vya ndani vinavyohifadhi chaji ya umeme), niiweke kando ninunue amplifaya ndogo mpya ya daraja D (aina ya kisasa isiyopoteza umeme mwingi kwa joto), au nitafute nyingine iliyotumika ambayo bado ni nzima. Ninachotaka ni kuzisikiliza kaseti za marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa mji wetu, na santuri ambazo baba alizitunza kuliko nguo zake. Amplifaya hii ina uzito wa kilo 12, na kuifikisha Mombasa maana yake ni punda hadi gatini, boti hadi Mokowe, kisha safari ndefu ya basi, kwa hivyo sitaki kuisafirisha kabla sijajua kama ina haja hiyo.

Fundi_Malindi

Wa aleykum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Usiisafirishe bado. Nimezifungua amplifaya nyingi za pwani hii, na mara nyingi niliyoyakuta ni kutu ya chumvi kwenye viungo, wakati transista na transfoma zikiwa salama kabisa. Upande unaotoa sauti kisha ukafifia ni dalili ya mguso mbovu kuliko dalili ya kuungua.

Itazame nyuma. Amplifaya nyingi za enzi hiyo zina vipini viwili vya chuma vyenye umbo la herufi U, ambavyo huunganisha sehemu ya awali na sehemu ya nguvu, kimoja kwa kila upande. Vikishika kutu ya kijani, sauti hukatika ingawa ndani hamna kilichoharibika. Ichomoe amplifaya kwenye umeme, uvitoe vipini, uvisugue kwa kitambaa chenye spiriti hadi ving'are, kisha uvirudishe huku ukivizungusha kidogo. Kwa kidhibiti cha sauti, tumia dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, uipulize ndani ya tundu lake na ukizungushe mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi. Ndani ya boksi usiguse kitu kwa mkono, kwa sababu kapasita kubwa za kuchuja umeme hubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa.

Kabla ya kuiwasha tena, mtafute fundi wa umeme hapo mtaani akufungie balbu ya kizamani, ile yenye waya unaowaka, ya wati 60 hadi 100, katika mfululizo na waya wa amplifaya, yaani umeme upitie kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, huo ni mwenendo mzuri. Ikibaki inang'aa, ndani kuna njia ya mkato, yaani shoti, na uizime papo hapo. Ikifaulu, iache bila spika, upime kwa multimita (kipimo cha umeme) volti za umeme wa moja kwa moja kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukikuta volti kadhaa, usifunge spika yoyote, maana waya wa ndani ya wufa utaungua.

Hatua hizi zina gharama ndogo kuliko nauli yako ya kwenda na kurudi, na ndizo zitakazokuambia lipi kati ya yale matatu ni la lazima.

Msikilizaji_wa_Shela

Naheshimu sana maneno ya fundi, lakini naomba chaguo la pili lisipuuzwe. Mimi ninatumia amplifaya ndogo ya daraja D yenye chipu ya TPA3116, ambayo inatosha kwenye kiganja, haipati joto la kutisha na inakubali umeme wa moja kwa moja. Nyumba yangu ina betri za sola za volti 24, kwa hivyo umeme ukikatika muziki hauyumbi. Kwa mtu anayesikiliza kaseti na simu, hicho ni kifaa cha kutosha, na hakidai kapasita za miaka 45 zitafutwe popote.

Fundi_Malindi

Ndugu wa Shela ana hoja ya kweli kuhusu betri. Hata hivyo ni vyema hesabu iwekwe wazi. Kwa volti 24 na spika ya omu 8, chipu hiyo haivuki wati 36 kila upande hata kinadharia, na kwa betri ya volti 12 itaishia wati 9. Wati 9 zinatosha chumbani, sikatai. Tatizo ni kwamba vifaa hivyo kwa kawaida havina tundu la santuri. Sindano ya kicheza santuri hutoa milivolti chache tu, na besi ya santuri hupunguzwa wakati wa kurekodi ili ikuzwe tena wakati wa kusikiliza, kwa mujibu wa mkondo wa RIAA, kanuni ya pamoja ya kurekodi santuri inayotumika tangu miaka ya 1950. Amplifaya ya mzee inaifanya kazi hiyo ndani yake. Ukinunua ya daraja D itakubidi ununue na kikuza santuri, pengine na kibadilishi cha umeme pia, hapo urahisi wa bei unaanza kupungua.

Santuri_na_Kaseti (Mombasa)

Kwa chaguo la tatu, nikiambiwa nitaje moja tu nitaitaja NAD 3020 ya 1978. Imeandikwa wati 20 peke yake, lakini huzibeba spika ngumu vizuri, ina tundu la santuri, na transista zake ni za aina za kawaida. Lakini fahamuni kwamba amplifaya iliyotumika ya umri huo itakuja na kapasita zilizozeeka vilevile. Mtu anabadilisha mgonjwa anayemfahamu kwa mgonjwa asiyemfahamu.

Naongeza onyo moja kuhusu kicheza santuri, kwa kuwa wengi hujikwaa hapo. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia volti 100, na mitambo yenye mota ya kufuata hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) huzunguka kwa kasi inayotegemea umeme unaoipata. Mota ya hezi 60 ukiipa hezi 50 zetu, santuri ya mizunguko 33 na theluthi itazunguka takriban 27.8, na mwimbaji atasikika kama mtu anayesinzia. Hapo mkanda mpya hausaidii, ni lazima gurudumu dogo la mota libadilishwe. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kununua chochote.

Na kuhusu spika, kwangu mimi ndiyo ya kwanza katika mjadala wote. Sponji hiyo huozeshwa na unyevu hewani, na hakuna amplifaya, mpya wala kuukuu, itakayotoa besi kupitia wufa isiyo na ukingo, yaani ile sponji inayoizunguka karatasi. Agiza ukingo wa mpira badala ya sponji, kwani mpira hustahimili hewa ya bahari. Pima kipenyo cha karatasi na cha fremu kwa milimita, maana neno "inchi 10" peke yake halitoshi. Gundi ya zamani ing'olewe yote kwa subira, na kabla gundi mpya haijakauka uisukume karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili, huku sikio likiwa karibu: ukisikia mkwaruzo, haijakaa katikati.

Mkaazi_wa_Mkomani

Ndugu zangu, nimefuata hatua kwa hatua. Kipini cha kulia kilikuwa na unga wa kijani hadi ndani ya tundu, na kitambaa kilitoka kama kimepanguswa kwenye sufuria ya shaba. Balbu iliwaka, ikafifia. Multimita ilionyesha milivolti 14 kushoto na 22 kulia. Ami yangu aliniazima spika zake ndogo, na jana baada ya isha nikaweka kaseti. Udi ulisikika kutoka pande zote mbili kwa muda wa saa nzima bila kufifia. Mama alikuwa chumba cha ndani, akaja akakaa mkekani, hakusema neno hadi upande wa kwanza ulipokwisha.

Kwa hivyo amplifaya inabaki. Nimeitoa kwenye kidaka, kwa sababu juu yake hapakuwa hata na nafasi ya kupitisha hewa, nikaiweka juu ya meza. Kapasita kubwa za kuchuja nitaomba zibadilishwe msimu wa kusi utakapopita, si zote kwa mkupuo. Fedha ya sasa inakwenda kwenye ukingo wa mpira: karatasi ina milimita 198, fremu 243, na nitashukuru kama ndugu wa Mombasa atanihakikishia vipimo hivyo vinapatikana. Kicheza santuri kimeandikwa volti 240 na hezi 50, kwa hiyo chenyewe kinangoja mkanda tu.