Je, karaoke iondolewe katika mitaa ya makazi ya Nairobi?

Ndugu wanamjadala, hoja yangu ni kwamba baa za mitaani jijini Nairobi ziachwe ziendelee na karaoke, mradi leseni itolewe kwa kuangalia ukumbi ulivyojengwa, si mtaa ulipo. Najua nitawaudhi waliofurahia tangazo la Desemba 2022, pale serikali ya kaunti chini ya Gavana Johnson Sakaja ilipofuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo katika maeneo ya makazi na kutaka biashara hiyo ibaki katikati ya jiji. Amri ile ililenga vilabu, lakini wapo wanaotaka rungu hilo hilo liziangukie na baa za karaoke. Malalamiko yao si ya kubuni: mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anahitaji utulivu, na muuguzi anayeingia zamu alfajiri anahitaji usingizi.

Hata hivyo, tuitazame sheria yenyewe kwanza. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa 2:01, na kuanzia hapo kiwango kinachoruhusiwa nje ya nyumba katika maeneo ya makazi ni desibeli 35, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio umbali wa mita moja hufikia takriban desibeli 60. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, nayo inaruhusu baa kuuza pombe kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi. Karaoke huanza wateja wakishatoka kazini na kujinasua kwenye foleni ya magari, kwa hiyo karibu yote inaangukia ndani ya huo usiku wa kanuni. Mwenye baa amepewa leseni ya saa ambazo hawezi kusikika bila kuvunja sheria, na afisa yeyote akitaka kumpata na kosa atampata siku yoyote. Sote tunajua kesi za namna hiyo huishia wapi: si mahakamani, bali kwenye chai.

Kinachowasumbua majirani hasa ni nini? Baa nyingi za mitaa kama Umoja au Roysambu zina paa la mabati na upande wa mbele ulio wazi, na spika zimeelekezwa barabarani ili kuvuta wateja. Mwimbaji akitoka nje ya sauti ya wimbo, au akikisogeza kipaza sauti karibu na spika hadi kikatoa mluzi, MC huongeza mdundo ili kumsitiri, na mdundo huo mzito ndio unaopenya kuta na kumfikia aliyelala ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara. Sauti ya mwimbaji yenyewe haifiki huko. (Wanaokerwa na karaoke ya Ijumaa lakini wakanyamazia kesha lenye spika kubwa zaidi watafakari kidogo, kwa maana kanuni hizo hizo zinazihusu nyumba za ibada pia.)

Wajapani, ambao karaoke ilianzia kwao, na ambao Daisuke Inoue aliwatengenezea mashine yake mjini Kobe mwaka 1971, walikumbana na suala la nafasi mapema. Katikati ya miaka ya 1980, mkoani Okayama, kontena la mizigo liligeuzwa kuwa chumba cha kuimbia, na mtindo huo ukaenea nchi nzima. Nairobi haina uhaba wa makontena, ingawa bati tupu halizuii mdundo bila kuwekewa kitu cha kufyonza sauti kwa ndani. Sipendekezi tuige vyumba vile vya marafiki wanne, kwa sababu utamu wa karaoke yetu ni kuimbia watu usiowajua, fundi wa magari akishangiliwa na meza ya walimu. Ninachopendekeza ni upande wa mbele uzibwe, spika zigeuzwe ndani, na sauti ipimwe dirishani kwa mlalamishi kabla leseni haijafanywa upya.

Wanaosema wateja wahamie katikati ya jiji watueleze fundi huyo atarudije mtaani Kayole saa 5 usiku, na kwa nauli ipi. Nami nakiri kwamba swali la gharama bado ni gumu: baa nyingi zimepangishwa, na mpangaji ambaye kodi yake inaweza kupandishwa wakati wowote hatakubali kwa urahisi kumjengea mwenye nyumba ukuta. Wenye nyumba mlio humu, mngekubali kuchangia nusu?